Bati Saa Saba Mchana: Jua la Moshi na Rangi ya Magari

Magari mengi yanayopakwa rangi upya mjini Moshi hayajawahi kuingia katika oveni. Yananyooshwa bodi, yanapigwa puti, praima na rangi chini ya kibanda cha mabati au kivuli cha mti, kisha yanasukumwa nje yakaushwe na jua. Sababu inaeleweka. Oveni ya rangi ni chumba kilichozibwa vumbi, chenye feni za kuingiza na kutoa hewa na tanuri la dizeli au umeme, na gharama yake iko mbali na mfuko wa fundi wa gereji ya wazi. Jua halina ankara.

Juu ya desturi hiyo kuna mawazo mawili yanayopingana. Wapo wenye magari wanaoamini kwamba kukausha rangi kwa jua ni kazi ya kubahatisha, na kwamba gari lisilopita kwenye oveni limepakwa kimaskini. Wengine wanamsimamia fundi alitoe gari juani mara tu bunduki ya rangi inapowekwa chini, ili jioni waondoke nalo. Sikubaliani na upande wowote. Jua la Moshi lina uwezo halisi wa kuivisha rangi ya kisasa, na uwezo huo unapimika. Ila linafaa kwa nusu ya pili ya kazi tu, katika saa zake, kwa rangi iliyochanganywa sawasawa, na zaidi katika ukanda wa chini wa Mlima Kilimanjaro. Nje ya mipaka hiyo linaharibu haraka kuliko linavyosaidia.

Rangi za magari hazikauki kwa njia moja, na hapo ndipo mabishano mengi ya gereji yanapoanzia. Rangi za NC, ambazo bado hutumika kwa viraka na kwa magari ambayo mwenyewe hana fedha nyingi za kutumia, hukauka kwa tina, yaani kiyeyusho cha kuzimulia rangi, kuruka tu. Kinachobaki kwenye bati ni utomvu wa nitroselulosi pamoja na unga wa rangi, na ukiupangusa kwa tina hata mwaka mmoja baadaye, unayeyuka tena. Aina hiyo ndiyo iliyobadilisha viwanda vya magari vya Marekani miaka ya 1920, baada ya kampuni ya DuPont kuleta Duco mwaka 1923. Kabla ya hapo gari la rangi lilipakwa vanishi kwa brashi na kukaa wiki kadhaa likisubiri tabaka moja likauke ndipo lije jingine. Duco ilizifanya wiki kuwa siku. Kwa rangi za namna hii jua linaharakisha tu kuruka kwa tina. Halina jingine la kufanya.

Rangi za 2K ni habari tofauti kabisa. Hizi huchanganywa na hadina, yaani kigumishi, na ndani ya hadina mna kemikali za isosianati zinazoshikana na utomvu wa rangi mpaka tabaka lote linakuwa kitu kimoja kisichoyeyuka tena kwa tina wala kwa petroli iliyomwagika wakati wa kujaza tangi. Kemia hii chimbuko lake ni Ujerumani, kazi ya Otto Bayer na wenzake mwaka 1937. Kwenye rangi ya 2K, kwa hiyo, kuna mambo mawili yanayofuatana. Kwanza tina inaruka, na hilo ni suala la dakika. Kisha rangi inashikana na hadina, na hilo linachukua saa nyingi au siku, na mwendo wake unaamuliwa na joto. Rangi inaweza kuwa kavu kwa kidole ilhali ndani bado ni mbichi. Ukiiosha kwa sabuni kali, ukiibandika stika au ukiipitisha mashine ya polishi siku hiyo, utaona.

Kiwandani, bodi tupu isiyo na matairi, nyaya wala viti huingia kwenye tanuri la nyuzi 140 hivi za Sentigredi. Gari lililokwisha kuunganishwa haliwezi kuvumilia joto hilo, ndiyo maana rangi za gereji zilitengenezwa ziive kwa joto la chini zaidi. Maelekezo ya watengenezaji wengi yanasema: nyuzi 60 kwa dakika 30, bati likishafika joto hilo. Wanakemia wana kanuni ya kukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mwitikio wa namna hii huenda kasi maradufu. Tuitumie kurudi nyuma. Dakika 30 za nyuzi 60 zinakuwa saa moja kwa nyuzi 50, saa mbili kwa nyuzi 40, saa nne kwa nyuzi 30, na saa nane kwa nyuzi 20. Ni makadirio, lakini hayapingani na ushauri wa kawaida kwamba rangi ya 2K isiyopashwa joto iachwe usiku kucha kabla ya kuguswa.

Joto linalohesabiwa hapo ni la bati, si la hewa. Mchana wa Januari au Februari, hewa ya Moshi ikiwa nyuzi 32 kivulini, boneti nyeusi iliyo juani inaweza kupita nyuzi 70. Boneti nyeupe iliyo pembeni yake, kwa kuwa inarudisha sehemu kubwa ya mwanga, hubaki kwenye nyuzi 40 na kitu. Gari jeusi, basi, linapata joto la oveni na ziada, wakati gari jeupe linapata joto la kutosha iwapo tu litapewa saa mbili au tatu. Praima ya kijivu huangukia katikati. Fundi anayesema “weka juani saa moja” bila kujali rangi ya gari anatoa dawa moja kwa wagonjwa wawili tofauti. Kukisia si lazima tena. Vile vipimajoto vya kuelekeza ambavyo wakati wa korona, mwaka 2020, vilielekezwa kwenye paji la uso la kila aliyeingia benki vina ndugu zao wa ufundi, vinavyosoma joto la bati kwa sekunde moja bila kuligusa. Miongoni mwa vifaa ambavyo fundi rangi wa Moshi anaweza kununua bila mkopo, hicho nakiweka juu kabisa.

Kuna jambo la jua letu lenyewe ambalo maelekezo ya makopo, yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, hayalisemi. Moshi iko kama nyuzi 3 na theluthi kusini mwa ikweta. Karibu na tarehe 11 Machi na tena karibu na tarehe 1 Oktoba, jua la mchana linapita utosini kabisa, na kwa wiki nyingi kabla na baada ya tarehe hizo halichezi mbali na utosi. Gari likiwa nje, paa, boneti na mlango wa buti hupokea jua lote. Milango haipati karibu chochote, kwa sababu miale inashuka sambamba nayo. Hapo ndipo penye chanzo cha kasoro ambayo watu wengi huilaumu rangi: boneti imekuwa ngumu, mlango unashika alama ya ukucha, na vyote vilipakwa kutoka kopo moja.

Dawa ya kasoro hiyo ni namna ya kuliegesha gari. Likilazwa pua kaskazini na mkia kusini, ubavu wa mashariki unapata jua la asubuhi na ubavu wa magharibi unapata jua la alasiri, miale ikiwa imelala vya kutosha kuupiga mlango sawasawa. Juni na Julai mambo yanabadilika. Jua la mchana linakuwa limehamia kaskazini kwa nyuzi 27 hivi kutoka utosini, upande wa mlima, na ubavu unaotazama kaskazini unapokea karibu nusu ya nguvu ya jua hata saa za katikati ya mchana. Desemba limehamia kusini, upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa nyuzi 20. Aliyepaka mlango mmoja tu, basi, na aulize mwezi kabla ya kuamua auelekeze wapi. Saa nazo zina lake. Majira yetu ya Afrika Mashariki yanafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, na Moshi iko nyuzi 37 na theluthi, kwa hiyo jua hufika kilele chake kama nusu saa baada ya saa sita, wastani wa mwaka. Mwanzoni mwa Novemba hufika kama saa sita na robo, na katikati ya Februari kama saa saba kasorobo. Saa mbili za joto kubwa zaidi kwa paa na boneti ni kuanzia saa tano na nusu mpaka saa saba na nusu, na bati huendelea kuwa na moto hata baada ya hapo.

Sasa ubaya wake. Jua hupasha rangi kuanzia juu, na kwa gari la rangi ya giza hupasha haraka. Tabaka la juu likiganda kabla tina iliyo chini haijatoka, tina hiyo inachemka ikitafuta njia na kutoboa vitundu vidogo mithili ya alama za pini. Wakati mwingine haitoboi. Inabaki humo, rangi inaonekana safi, na baada ya wiki tatu tabaka linajikunja polepole mpaka mistari ya msasa na mipaka ya puti vinaanza kuonekana. Praima nene ndiyo inayoongoza kwa tatizo hili, kwa sababu fundi hupiga matabaka matatu mfululizo ili afunike makovu ya msasa namba 80, kisha anakimbiza gari juani. Kupuliza rangi juu ya bati lililokwisha pata moto nako kuna madhara yake: matone yanakauka kabla hayajatandaa, na uso unabaki na ganda la chungwa ambalo halitoki mpaka kwa msasa wa maji.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaijua tabia hii ya jua bila kufundishwa na muuza rangi. Kahawa iliyomenywa na kuoshwa, ikiwa bado na maji mengi kwenye vichanja, hufunikwa saa za jua kali ili ganda lake lisipasuke wakati punje ya ndani bado mbichi. Baadaye, maji yakishapungua, inaachiwa jua. Rangi nayo inataka mwanzo wa taratibu na mwisho wa moto.

Kazi nzuri ya siku moja, kwa hali hiyo, inaanza mapema. Bodi inapanguswa umande na kukaguliwa, rangi inapulizwa kivulini kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, kabla upepo wa mchana unaopanda kuelekea mlimani haujaanza kubeba vumbi. Kati ya tabaka na tabaka zinapita dakika kumi au kumi na tano. Baada ya tabaka la mwisho la klia, ile rangi angavu ya juu, gari linabaki kivulini, na hapa ningeongeza muda kuliko kopo linavyosema, nusu saa hadi saa nzima, kwa kuwa oveni hupandisha joto kwa utaratibu na jua halina kitufe cha kulipunguza. Kisha linasogezwa nje kabla ya kilele, lipate joto pamoja na siku inavyopanda. Aliyepuliza saa tisa alasiri ameshapitwa. Gari lake litakutana na usiku likiwa bichi, unyevu utapanda, na umande utalala juu ya klia ambayo haijashikana. Asubuhi litakuwa na ukungu mweupe au madoa ya maji yasiyofutika.

Hakuna saa ya jua itakayookoa mchanganyiko uliokosewa. Kosa linalonisikitisha zaidi ni lile la kuzimua rangi ya 2K kwa tina ya NC kwa sababu ni rahisi. Ndani ya tina nyingi za NC mna alkoholi, na alkoholi hushikana na isosianati. Sehemu ya hadina inaliwa na tina kabla haijaikuta rangi. Rangi hiyo hubaki laini, fundi huongeza jua, haisaidii, kisha lawama inapelekwa kwa hali ya hewa. Vivyo hivyo kwa anayepunguza hadina ili abane matumizi. Puti nayo ina kanuni yake. Inaganda kwa peroksaidi, inatoa joto lake yenyewe, na kwenye bati lililokaa juani inashika ndani ya dakika chache kabla mkono haujamaliza kuisawazisha. Puti ipigwe kivulini, jua lije baadaye.

Tukipanda mlima, hesabu zote hizi zinalegea. Moshi mjini iko mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Lango la Marangu liko karibu mita 1,870. Hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi kila mita 1,000, kwa hiyo bila hata kutaja mawingu, rangi inayoivia kivulini Marangu itachukua muda mrefu kuliko mjini kwa kiasi cha nusu yake. Mawingu ndiyo tatizo kubwa zaidi. Kila anayeishi Kibosho, Machame au Old Moshi anajua kwamba kilele cha Kibo huonekana alfajiri na jioni na kujifunika katikati, na wingu hilo linalojikusanya ubavuni mwa mlima kadiri joto linavyopanda linakuja saa zilezile ambazo fundi analihitaji jua. Mjini mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000. Kwenye miteremko ya kusini, juu katika ukanda wa msitu, inapita 2,000. Julai, asubuhi za ukungu kule juu zinaweza kukaa chini ya nyuzi 15, na praima ya epoksi, ambayo ndiyo kinga bora ya kutu, karibu husimama kabisa kushikana katika baridi hiyo, huku unyevu ukiifanya itoe utando wa mafuta juu yake unaozuia rangi inayofuata isishike. Ushauri wangu kwa mwenye gereji ya Marangu ni kwamba anyooshe bodi na kupiga msasa kwake, kisha rangi ya mwisho ashuke nayo. Ukielekea Boma Ng'ombe na uwanja wa ndege wa KIA, au kusini kuelekea mashamba ya miwa ya TPC, joto ni kubwa kuliko huko mlimani na siku za mawingu ni chache, ingawa vumbi la huko linadai kibanda chenye kuta.

Kalenda ya kazi nayo haikupangwa kwa faida ya mafundi. Magari ya watalii, zile Land Cruiser zenye paa la kuinuka zinazoshinda kwenye changarawe za Serengeti, Ngorongoro na Tarangire, huchunika miezi yote ya msimu. Wenye kampuni huyatoa barabarani yatengenezwe watalii wanapopungua, yaani Aprili na Mei. Hiyo ndiyo masika. Kazi kubwa zaidi ya rangi ya mwaka, kwenye magari yenye thamani kubwa, inaangukia wiki ambazo mvua inapiga kwa siku nzima na bati halipati hata nyuzi 30. Mwisho wa mwaka kuna wimbi jingine: familia za Wachaga zinarudi nyumbani kwa Krismasi, magari yanachubuana kwenye barabara nyembamba za vijijini, na kila mmoja anataka lake kabla ya kurejea Dar es Salaam. Desemba jua lipo vipindi vipindi, kati ya manyunyu ya vuli, ila subira haipo. Mahali ambapo oveni au taa za joto zinalipa gharama yake ni hapo, na gereji inayohudumia magari ya watalii ingefaa ipige hesabu ya Aprili na Mei peke yake kabla ya kusema kwamba oveni ni anasa. Moto wa mkaa chini ya gari lililopakwa, hata masika, usifikiriwe. Mvuke wa tina ni mzito kuliko hewa, unalala chini sakafuni, na cheche moja inatosha kuteketeza kibanda na waliomo.

Mpaka hapa jua limehesabiwa kwa joto lake tu. Lina kitu kingine, miale ya urujuanimno, na miale hiyo inaweza kuivisha rangi pasipo joto ikiwa rangi imetengenezwa kwa ajili hiyo. Madereva wengi wameshaona kanuni yake ikifanya kazi bila kuijua jina: kioo cha mbele kilichopigwa na jiwe kinajazwa gundi ya maji maji, kinaelekezwa juani au kwenye taa ya zambarau, na dakika chache baadaye gundi imekuwa ngumu. Zipo praima zilizoundwa kwa msingi huohuo. Ndani yake kuna kemikali inayopasuka ikipigwa na miale hiyo na kuanzisha mshikano papo hapo. Hazina hadina ya kuchanganya, hazigandi ndani ya bunduki, na baadhi ya watengenezaji wanaeleza wazi kwamba zinaweza kuivishwa kwa mwanga wa jua. Nguvu ya miale hiyo kwetu ni kubwa. Karibu na ikweta, mchana wa anga safi, kipimo cha Shirika la Afya Duniani kinapita 11, ngazi ya juu kabisa ya hatari kwa ngozi, na kila mita 1,000 za kupanda zinaongeza kama asilimia 10.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba mawingu mepesi huzuia joto la bati kuliko yanavyozuia miale hii. Siku ya mawingu ya Kibosho, ambayo rangi ya 2K ingelala tu, praima ya namna hii ingeweza kuiva. Mipaka yake ni mikali pia. Rangi yenyewe inazuia mwanga, kwa hiyo tabaka nene linaganda juu na kubaki bichi kwenye bati. Kona za chini ya mlango na ndani ya tao la gurudumu hazioni jua. Oksijeni ya hewani huacha utelezi juu ya uso ambao lazima upanguswe kabla ya msasa. Na bei yake kwa kopo inazidi praima ya kawaida. Kwa viraka vya ukubwa wa kiganja kwenye mkwaruzo wa bampa au pembe ya boneti, ingefaa ijaribiwe hapa kwa utaratibu, na vyuo vya VETA vina nafasi ya kuifanya kazi hiyo kuliko gereji ambayo kila jaribio lake ni gari la mteja.

Miale hiyohiyo ndiyo adui wa rangi iliyokwisha kuiva. Tazama mapaa ya magari yaliyotoka Japani yakiwa yametumika: klia imebabuka kwa mabaka juu ya paa na boneti, na milango ya gari hilohilo bado inang'aa. Jua la utosi linakula kwanza panapolitazama. Kwa hiyo paa linahitaji matabaka mawili kamili ya klia yenye kinga ya miale, na anayebana matumizi kwenye paa kwa kuwa halionekani na mtu aliyesimama anabana mahali pabaya kuliko pote.

Kibaya zaidi ni magari yanayoachwa na praima. Fedha ya mwenye gari inaisha katikati, bodi imenyooshwa, praima ya kijivu imepigwa, na gari linarudi barabarani miezi sita likisubiri. Kwa siku moja jua lilikuwa rafiki wa praima hiyo, na kwa miezi sita linaila. Epoksi huchujuka kuwa unga juani. Praima ya kunyanyua, ile nene ya kufunika makovu ya msasa, ina vinyweleo, hunywa maji ya masika na kuyafikisha kwenye bati, na kutu inaanza chini ya kazi ambayo imeshalipiwa. Rangi ikija kupigwa baadaye juu ya hali hiyo, inashika unga. Kama fedha haitoshi, ni bora kumaliza paneli moja moja mpaka klia kuliko kulivalisha gari zima praima na kuliacha nje.

Halafu kuna mapafu ya fundi. Isosianati inatajwa duniani kote miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu itokanayo na kazi, na mtu aliyekwisha kupata mzio wake anaweza kubanwa na kifua kwa kiasi kidogo sana baadaye. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo, wala leso iliyolowekwa maji. Hewa ya wazi inapunguza wingi wake, na hiyo ni faida moja ya kweli ya gereji isiyo na kuta, lakini anayeshika bunduki yuko katikati ya wingu lake mwenyewe. Anahitaji barakoa yenye vichujio vya mkaa vinavyobadilishwa, miwani na glavu, kwa uchache. Gari lililotolewa juani linaendelea kutoa mvuke wa tina kadiri linavyopata moto, kwa hiyo lisiegeshwe penye watoto wanaocheza au dirishani kwa mama lishe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamhusu mwenye gereji ndogo sawasawa na mwenye kiwanda.

Katikati ya oveni kamili na uwanja wa wazi kuna njia ambayo mkoa huu tayari una vifaa vyake. Vitalu nyumba vya mboga na maua, vilivyoezekwa nailoni ngumu juu ya mabomba, vimeenea Kilimanjaro na Arusha. Kibanda cha namna hiyo cha kuegesha gari moja, chenye sakafu ya zege iliyolowanishwa kabla ya kazi ili vumbi litulie, ukuta wa nyuma wa mabati yaliyopakwa nyeusi, na matundu ya kutolea hewa juu na chini, kinaweza kupandisha joto la hewa ndani yake kupita nyuzi 45 siku ya jua. Milango ya gari, ambayo jua la utosi huiruka, inapata joto kutoka kwa hewa inayolizunguka gari lote. Vumbi na nzi wanabaki nje. Upuliziaji usifanyiwe humo bila feni inayotoa hewa nje, na matundu yasizibwe kwa tamaa ya joto zaidi, kwa sababu ya mvuke. Nailoni nyingi za vitalu zimetiwa kinga ya miale ya urujuanimno, kwa hiyo praima za kuivia mwangani zitolewe nje.

Gharama ya kibanda hicho ni sehemu ndogo tu ya gharama ya oveni, lakini kinadai kitu ambacho mteja wa Moshi hajazoea kukilipia, nacho ni siku ya pili. Siku ya kwanza ni ya praima: ipigwe asubuhi, ipate jua la mchana, ipoe usiku. Siku ya pili inapigwa msasa wa maji, inakaushwa kabisa, inapakwa rangi na klia kabla ya saa nne, inapata jua lake, na gari linabaki gereji mpaka asubuhi ya siku ya tatu. Bei inayoandikwa kwenye daftari iwe ya siku hizo, pamoja na sharti kwamba gari lisioshwe kwa sabuni wiki ya kwanza wala kupakwa nta kabla ya mwezi.